Toleo la Kubaki, Toleo la Kuondoka

Maktaba niliyoiandika ilikuwa na milango mingi kupita kiasi, na hilo nilikuwa nalijua kabla kijana yeyote hajanicheka.

Nieleze kwanza ni maktaba gani, maana mtu akisikia neno hilo anafikiria makabati na vitabu. Watu wa kompyuta huita maktaba kifurushi cha programu ambacho mtu mmoja amekiandika ili wengine wakitumie ndani ya programu zao, wasianze kila kitu upya. Yangu niliiandika kwa Java, mojawapo ya lugha za kuandikia programu, na kazi yake ni kutunza matoleo. Ukiandika kitu leo, ukakibadilisha kesho, ukakivuruga keshokutwa, yenyewe inakumbuka hatua zote na inakumbuka nani alibadilisha nini. Niliianza nikiwa bado kazini, katika shirika ambalo makarani wake walikuwa wakifutiana kazi na kulaumiana kila wiki. Elimu yangu ni kidato cha nne. Niliajiriwa kuingiza takwimu kwenye mashine, nikajifunza kuandika programu kwa kusoma vitabu vya maelekezo ambavyo wakubwa hawakuwa na haja navyo. Hilo nimejivunia maisha yangu yote, pengine kuliko ilivyostahili.

Zile sehemu ambazo programu za wengine hupitia ili kuitumia maktaba, wenyewe wanaziita API. Mimi huziita milango. Yangu ilikuwa inaongezeka kila mtu alipokuja na shida yake. Huyu anataka kuhifadhi faili moja, namfungulia mlango. Yule anataka kuhifadhi mafaili mengi kwa pamoja, namfungulia mwingine. Nilipostaafu na kuhamia Goba, vijana watatu waliokuwa wakiitumia maktaba makazini kwao waliniomba tuitunze pamoja. Mmoja alikuwa anakaa Mbagala, mwingine Tegeta, na wa tatu ni binti wa Kipawa. Tukaanzisha kundi kwenye simu. Wananisalimia kila asubuhi, shikamoo mzee, na mimi naitikia.

Asubuhi moja ukaingia ujumbe ambao haukuwa wangu. Yule wa Mbagala alidhani anawaandikia wenzake.

“Oya, API ya mzee ni kama nyumba ya kupanga Manzese. Unaingilia jikoni unatokea chooni, na mwenye nyumba mwenyewe hajui chumba kipi ni cha nani.”

Chini yake zikafuata zile sura za kucheka mpaka machozi. Kisha ujumbe ukafutwa, lakini nilishausoma. Haikuchukua muda simu ikaita.

“Shikamoo mzee wangu. Mzee, nimekosa. Yale yalikuwa masihara tu, sisi tunakuheshimu sana, unajua.”

“Marahaba,” nikamjibu. Sikuongeza neno jingine.

Ningecheka tu, yangeishia pale. Kwanza ni kweli, na pili ilichekesha. Lakini niliiacha ile marahaba ining'inie hewani kama kamba ya kuanikia isiyo na nguo, na vijana wote watatu wakaelewa kwamba mzee amekasirika. Tangu siku ile hakuna aliyenitania tena.

Masika yale yote nilikuwa kibarazani napanga upya milango. Maji yalikuwa yakiteremka kilimani yamebeba udongo mwekundu wa watu wa juu na kuupeleka kwa watu wa chini, na mimi nimeinamia kompyuta, nafuta. Milango iliyofanana niliiunganisha. Majina yaliyokuwa ya Kiingereza nusu na Kiswahili nusu niliyafanya yote ya Kiswahili. Kisha nikaja kwenye kitu kilichokuwa kinanikera siku nyingi. Kazi zote za maktaba zilizopokea vitu viwili zilikuwa zimepangwa hovyo: hapa kinachobaki kinatangulia, pale kinachoondoka kinatangulia. Nikaamua kwamba kuanzia sasa, kila mahali, kinachoondoka kitatajwa kwanza na kinachobaki kitafuata.

Mojawapo ya kazi hizo ilikuwa ya kusafisha. Mtu akishamaliza kazi yake, anaweza kuiambia maktaba itupe rasimu na ibakize kilicho sahihi. Unaipa matoleo mawili, la kubaki na la kuondoka, nayo inaondoa bila kuacha alama. Tangu zamani la kubaki lilikuwa linatajwa kwanza. Nikaligeuza.

Ipo sheria katika kazi hii, na vijana niliwafundisha mimi. Ukitaka kubadili mlango ambao watu wanaupitia, unajenga mpya pembeni, unaupa jina jipya, na ule wa zamani unauacha wazi kwa muda huku umebandika tangazo kwamba utafungwa. Sheria hiyo naijua kama ninavyolijua jina langu. Ila mlango wa zamani ukibaki, nyumba bado inaonekana ya Manzese. Nikaacha jina lilelile, nikageuza mpangilio, nikaandika maelezo mafupi juu yake, nikaona nimemaliza.

Ubaya ni kwamba Java inagombana na wewe kwa mambo mengi lakini si kwa hilo. Ukibadilisha jina la mlango, kila programu inayobisha kwa jina la zamani inagoma, na kompyuta inakuonyesha mpaka mstari. Ukiacha jina na kugeuza tu vitu viwili vya aina moja, haioni kitu. Kwake toleo ni toleo. Haijui lipi unalipenda.

Niliwatumia vijana kazi yote waipitie. Majibu yakaja. “Sawa mzee.” “Hongera sana mzee, imetulia.” Binti wa Kipawa peke yake ndiye aliyepiga simu.

“Shikamoo baba.”

“Marahaba mwanangu. Umesoma?”

“Nimesoma baba. Nzuri, imepangika. Sema tu ile ya kusafisha.”

“Ina nini?”

“Naona umegeuza. La kubaki limekuja nyuma.”

“Nimegeuza makusudi. Soma maelezo pale juu.”

“Nimeyasoma baba. Nilikuwa nawaza tu wale walioizoea ya zamani, si wata...”

“Mwanangu, mimi nimeanza kuandika hizi programu mama yako yuko shule ya msingi.”

Nikasikia ndege inapita juu ya nyumba yao, ule muungurumo ambao watu wa Kipawa huwa wanausubiri uishe ndipo waendelee na sentensi. Ulipoisha, hakuendelea na yake.

“Sawa baba,” akasema.

“Kuna lingine?”

“Hapana. Kazi njema baba.”

Nikakata simu nimeridhika. Na mimi nimelelewa hukuhuku, naijua hiyo sawa. Mtoto mwenye adabu hamwambii mzee kwamba amekosea. Anasema sawa, kisha anatafuta njia ya kupitia pembeni. Nilipokuwa kijana na mimi niliwaambia wakubwa zangu sawa nyingi za namna hiyo, huku nikijua moyoni kwamba wanakwenda kugonga ukuta. Lakini siku ile niliipokea kama mtu anavyopokea ridhaa.

Mtu wa kwanza kulitumia toleo jipya nilitaka awe wa nyumbani. Nikaenda Kimbiji kwa shemeji yangu.

Huyu ni dada wa marehemu mke wangu, mwalimu mstaafu. Wao ni Wazaramo, mimi ni Mnyamwezi wa Tabora, kwa hiyo sisi ni watani mara mbili, kwa kabila na kwa ndoa. Tangu nimwoe ndugu yake hajawahi kuniita kwa heshima hata mara moja, na kusema kweli nilikuwa nazifuata safari za Kimbiji kwa ajili hiyo. Kule kwingine kote mimi ni mzee.

Shemeji alikuwa anaandika kamusi ya Kizaramo. Programu ya kuiandikia nilimtengenezea mimi, na chini yake nikaweka maktaba yangu. Utaratibu wake ulikuwa hivi: analiandika neno na maana yake kama anavyoijua yeye, halafu anakwenda chumbani kwa mama yake, anamsomea. Mama ndiye aliyekuwa anakijua. Shemeji amesoma Morogoro, amefundisha Singida na Mbeya, Kizaramo chake kimetoboka kama neti ya zamani. Mama anamsikiliza, anamcheka, anamwambia hiyo ni maana ya watu wa mjini, kisha anampa yenyewe, pamoja na nani husema, kwa nani, na wakati gani si adabu kusema. Shemeji anarudi mezani na kuandika palepale, na programu inaitunza kauli ya mama kama toleo jipya juu ya ile rasimu. Walikwenda hivyo miaka, neno kwa neno. Kurekodiwa mama alikataa. Alisema sauti ya mtu ikibaki nyuma haimwachi apumzike. Na kuandika kwenye karatasi ni mimi niliyemkataza shemeji. Nilimwambia karatasi italiwa na mchwa.

Mama alifariki kamusi imefika karibu na mwisho. Sasa shemeji alikuwa amepata mchapaji, na mchapaji alitaka nakala safi, isiyo na rasimu. Ndiyo safari yangu.

“Hodi!”

“Nani? Mpagazi? Pita, mzigo uache hukohuko nje.”

“Tabia ya mwenye nyumba kutoinuka bado mnayo tu.”

“Niinuke niende wapi? Babu zenu walibeba pembe kichwani kutoka Tabora mpaka Bagamoyo bila kupumzika. Wewe umebeba kikompyuta kutoka Goba unahema kama umebeba ndovu mwenyewe.”

“Na babu zenu walikuwa pwani wamelala, wanasubiri.”

“Si ndiyo akili hiyo! Mzigo uufuate wa nini wakati unaletewa?”

Tukacheka. Akaniletea maji, akaniwekea meza dirishani, akavuta kiti akakaa pembeni yangu. Nikamweleza kwamba maktaba nimeipanga upya yote.

“Mie sikuwa naona ubaya wake,” akasema.

“Ulikuwa kwa ndani.”

“Kama wa Wanyamwezi wote.”

Nikaiweka maktaba mpya kwenye kompyuta yake. Programu yake ikagoma mahali pengi, kama nilivyotarajia, na kila ilipogoma nikarekebisha. Jina hili limebadilika, weka lile. Mlango huu haupo, pitia ule. Nilikuwa nafanya haraka, najionyesha kidogo, namweleza kila ninachofanya kama mganga anayempa mgonjwa majina ya mizizi. Kwenye kazi ya kusafisha kompyuta haikulalamika, nami sikupatazama. Programu ile niliiandika kwa mikono yangu, nilidhani naikumbuka.

Nikamwambia abonyeze mwenyewe, ni kamusi yake. Akafuta kidole kwenye kanga, akabonyeza. Ikasafisha kamusi yote kwa muda mfupi kuliko wa kuchemsha chai. Nikamwonyesha jinsi faili lilivyopungua, nikasema tazama, imekuwa nyepesi. Kisha nikachukua flashi yake iliyokuwa na nakala ya akiba, nikafuta kila kilichokuwemo na kuweka hii safi, ili asije akamchanganyia mchapaji. Kwangu Goba sikuwa na nakala. Akanipa ugali wa muhogo na kisamvu cha nazi, nikala nikashiba, akanisindikiza mpaka barabarani, akamwambia dereva wa bodaboda aniendeshe polepole kwa sababu mizigo ya Tabora huwa inavunjika.

Siku chache baadaye akapiga simu. Hakunitania.

“Shemeji, kuna neno hapa la kumwamsha mtu. Mie niliandika kumwamsha tu. Mama akaniambia si kumwamsha hivihivi, ni kumgusa mguu mtu aliyelala, taratibu, kwa sababu kuna msiba unataka kumwambia. Hiyo haipo. Ipo ile yangu.”

“Labda umefungua la zamani.”

“Nimeyafungua mengi, tangu alfajiri nafungua. Yote ni mie. Mama hayumo.”

Nikamwambia asubiri, asiguse kitu. Nikaifungua programu yake kwangu, nikautafuta mstari wa kusafisha. Ulikuwa mmoja, mfupi. Programu ilikuwa inasema kama zamani, la kubaki kwanza, la kuondoka pili, na maktaba yangu mpya ilikuwa imesikia kinyume chake. Kila kauli ya mama ilikuwa imetupwa, na kila rasimu iliyochekwa ilikuwa imebakizwa.

Nakumbuka jirani alinisalimia kutoka ng'ambo ya ua na sikumwitikia, akaja mpaka kibarazani kuuliza kama naumwa. Nikamwambia ndiyo.

Nilimwomba shemeji amkabidhi dereva ile flashi aniletee, bila kumweleza sababu, kisha nikachukua kompyuta yangu nikaenda nayo Kipawa. Binti alikuwa hajawahi kuniona ana kwa ana zaidi ya mara mbili tatu. Akanipokea mkoba, akaniamkia, akataka kuniletea soda, nikamwambia mwanangu, kaa chini kwanza. Nikamweleza. Alisikiliza ameziba mdomo kwa kiganja.

Kitu kilichofutwa kwenye flashi, akaniambia, huwa hakiondoki mara moja, kinabaki mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Nikamwambia nimeandika kitu kingine juu yake. Akasema tujaribu hivyohivyo, kinachoandikwa juu huwa hakifuniki pote. Akaiwasha programu inayopekua mabaki, na tukakaa tunaangalia ile mashine inavyosoma.

“Uliniambia,” nikasema.

“Sikukwambia baba. Nilianza kukwambia.”

“Mbona hukumalizia?”

Akageuka akanitazama, na kwa mara ya kwanza hakuwa na lile tabasamu la adabu.

“Ningemaliziaje, baba?”

Ndege ikapita, madirisha yakatetemeka, tukaisubiri wote wawili.

“Na wenzako?” nikauliza. “Wao wamefanyaje na programu zao?”

“Tumebaki na toleo la zamani, sote. Tulikubaliana tusikuudhi tena, baada ya yale maneno ya kwenye kundi. Tukasema mzee apange anavyopenda, sisi tutaendelea na letu. Hatukujua kuna mtu atalitumia.”

“Hakuna mtu aliyeliomba,” nikamwambia. “Nililipeleka mimi mwenyewe.”

Akaanza kulia, na kulia kwake kulinielemea kuliko kama angenifokea. Alikuwa anaomba msamaha, yeye. Nikamwambia anyamaze, hajakosa. Hakunyamaza, kwa sababu alikuwa ananisikia kama mzee anayembembeleza mtoto, na hakuna mtoto anayeamini maneno hayo.

Jioni ikaingia na mashine ikamaliza. Kulikuwa na vipande. Mama wa Kimbiji alikuwemo kweli, ila amevunjikavunjika. Shemeji alikuwa na desturi ya kuandika maneno ya mama yake kama yalivyotamkwa, na hayo ndiyo tuliyoyaona yakipanda kwenye kioo, yamekatwa mwanzo na mwisho. “...si kwa mwanamume, mwanamume ana lake.” “...unapokuwa na njaa lakini unaona haya kuomba.” “Hili walilileta watu wa bara, sie hatusemi hivyo...” “...ukimwambia mkweo atakurudisha kwenu.” Maelezo ya maneno tulikuwa nayo. Maneno yenyewe, yale yaliyokuwa yanaelezwa, yaliandikwa mahali pengine kwenye faili, na pale pamefunikwa. Kuna neno la Kizaramo la njaa ya mtu anayeona haya kuomba, na mimi ndiye ninayejua kwamba lipo na silijui.

Binti alijaribu tena kwa njia nyingine, na tena kesho yake nikiwa nimerudi Goba. Vipande havikuongezeka. Akaurudisha mlango wa zamani kama ulivyokuwa, kwa idhini yangu, na ule mpya akaupa jina jingine la peke yake. Kazi hiyo haikumchukua hata nusu saa. Ningeifanya vile tangu mwanzo, nisingepoteza lolote isipokuwa ile sura ya unadhifu.

Nikaandika kwenye kundi. Niliandika na kufuta, nikaandika tena, mwisho nikatuma: kosa ni langu peke yangu, na kuanzia leo mkiona nimekosea, yeyote kati yenu, aniambie wazi, hata kama nimekasirika, hata kama namkatiza.

Wa Mbagala akajibu, “Sawa mzee.”

Wa Tegeta akajibu, “Sawa mzee, pole sana.”

Nikaiweka simu chini kifudifudi. Wale ni vijana wazuri. Hawakuwa na neno jingine la kunipa, na mimi ndiye niliyehakikisha hawana.

Kimbiji ilibidi niende mwenyewe, jambo lile halisemeki kwenye simu. Njia nzima nilikuwa najipangia matusi atakayonitukana. Nilikuwa nayataka. Siku ya mazishi ya mama yake, mimi niliuweka ukwe pembeni, nikaenda kama mtani nikaketi kwenye kingo za kaburi nikagoma kuondoka, nikasema bibi huyu namdai nguo, hazikwi mpaka nilipwe mimi, na shemeji, macho yakiwa yamevimba, aliniponda kwa maneno mpaka waombolezaji wakacheka na yeye mwenyewe akacheka, na tukazika. Kama tuliweza siku ile, nilijiambia, tutaweza na leo. Ataniita mpagazi aliyeangusha mzigo, ataniita kila kitu, kisha tutajua la kufanya.

“Hodi,” nikasema.

“Karibu, mzee,” akasema shemeji.

Aliinuka. Akaniletea kiti, kile kizuri chenye mto. Nikamweleza yote nikiwa nimekaa, tangu ule ujumbe wa Manzese, sikujificha nyuma ya kompyuta wala ya vijana. Nikamwambia nimegeuza kitu ambacho hakikuhitaji kugeuzwa kwa sababu niliona haya kuchekwa. Nikafungua vile vipande nikamsomea. Kwenye kile cha mkwe alitabasamu kidogo, akasema ndivyo alivyokuwa anaongea, ndivyo hasa. Kisha akauliza:

“Hivi ni vya maneno gani?”

“Sijui.”

“Na mashine haijui?”

“Haijui.”

Akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu ambacho hakuwa amepanga kununua.

“Nitukane, shemeji,” nikamwambia. “Nakuomba.”

“Nikutukane ya nini, mzee wangu. Umesafiri mbali. Pumzika.”

Mchapaji, shemeji alikuwa ameshamwambia aahirishe. Akaisogeza kompyuta yake upande wake wa meza, akaniomba nimfungulie kamusi pale mwanzoni kabisa, nikamfungulia, na nikasimama karibu yake nikidhani atahitaji msaada. Akaniambia hapana, asante, nikae nje kuna upepo. Nikatoka nikakaa kwenye benchi chini ya dirisha.

Alikuwa anaanza upya na kile alichokikumbuka. Nilimsikia akisoma neno, kisha akisema maana yake kwa namna moja, akaisema tena kwa namna nyingine, kwa Kizaramo, kwa sauti nyembamba isiyokuwa yake. Alikuwa anatafuta ipi inalingana na aliyoisikia kwa mama yake. Akasema ya kwanza tena. Akasema ya pili.

“Ipi?” akauliza. Sikujua kama ananiuliza mimi.

Nimeishi na mke wa Kizaramo maisha yangu yote ya utu uzima. Nikatega sikio kwa nguvu zangu zote, na kwangu zote mbili zilikuwa sawa.